Pima ya mchezaji wa kikapu: jinsi ya kuichukua, kuisoma na kuitumia uwanjani

Wazee wetu walipima kamba, nguo na kina cha kisima kwa viungo vya miili yao. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Dhiraa, au mkono, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Na pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa kulia na kushoto, kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo neno tunalo tayari. Kile kipimo cha mikono ambacho vijana wanaotaka kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, huchukuliwa kabla ya kuchaguliwa, Kiswahili kinakiita pima, na humu nitakiita hivyo hivyo.

Mwongozo huu ni kwa makocha wa shule na wa mitaani, na kwa kijana anayefanya mazoezi peke yake alfajiri kwenye uwanja wa saruji. Pima ndefu humpa mchezaji nusu hatua. Anaweza kusimama nyuma kidogo ya pale mwenzake anapolazimika kusimama, na bado akaufikia mpira. Nusu hatua hiyo ina thamani kubwa sana, lakini asipofundishwa kuitumia hataiona faida yake hata akicheza miaka kumi.

Kwa nini sentimita chache zina uzito

Watu wengi pima yao hukaribiana na kimo chao. Kwa wachezaji wa NBA, pima huzidi kimo kwa wastani wa asilimia 6 hivi. Sasa tazama waliopewa tuzo ya mkabaji bora wa ligi hiyo. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2019 tuzo ilikwenda kwa watu watatu tu: Kawhi Leonard mara mbili, Draymond Green mara moja, Rudy Gobert mara mbili. Leonard na Green wana kimo cha karibu mita 2 kila mmoja, lakini pima ya Leonard ni sentimita 221 na ya Green 216. Gobert anazidi sentimita 213 kwa kimo na pima yake ni 235. Wote watatu, mikono imekipita kimo kwa zaidi ya sentimita 15.

Chukua wachezaji wawili wenye kimo cha sentimita 180 na mabega sawa. Mmoja ana pima ya 180, mwingine 195. Kila mkono wa yule wa pili ni mrefu zaidi kwa sentimita 7.5. Mpira wa saizi 7 una upana wa sentimita 24 hivi, kwa hiyo hiyo ni karibu theluthi ya mpira. Ili kuharibu pasi hauhitaji theluthi ya mpira, ncha ya kidole inatosha.

Hatua ya 1: Chukua pima vizuri

Tumia futikamba ya fundi seremala, ile ya chuma. Ya mshonaji hulegea ikivutwa mbali na ukipima mara tatu utapata majibu matatu.

Tafuta kona ya ukuta ulionyooka. Mchezaji avue viatu, asimame mgongo, makalio na visigino vikigusa ukuta. Ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja iguse ukuta wa pembeni pale konani, kisha anyooshe mikono yote miwili usawa wa mabega, viganja vikitazama mbele. Weka alama ya penseli pale kidole cha kati cha mkono wa pili kinapoishia, halafu pima kutoka konani hadi kwenye alama. Faida ya kona ni kwamba upande mmoja haukimbii. Bila kona, mchezaji akinyoosha kulia anavuta kushoto, na kila mtu anataka kuonekana mrefu.

Angalia mikono isishuke chini ya mabega, maana ikishuka kipimo kinapungua. Rudia mara tatu na uandike wastani. Kwa vijana wanaokua, rudia kila baada ya miezi mitatu. Katika umri wa kukua haraka, miguu na mikono hutangulia na kiwiliwili hufuata baadaye, na ndiyo maana kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana mwaka huu anaonekana mzito na anaangusha mipira. Usimgombeze. Mikono yake imebadilika na yeye bado anatumia hesabu za mikono ya zamani.

Hatua ya 2: Ongeza mfiko na shibiri

Pima peke yake inaweza kukudanganya, kwa sababu ndani yake mna upana wa mabega. Watu wawili wenye pima sawa wanaweza kutofautiana mikono: mmoja ana kifua kipana na mikono ya kawaida, mwingine mabega membamba na mikono mirefu. Kwa hiyo chukua pia mfiko. Mchezaji asimame pembeni mwa ukuta, nyayo zote chini, anyooshe mkono mmoja juu kabisa, uweke alama kwenye ncha ya kidole cha kati.

Ringi iko sentimita 305 kutoka chini. Toa mfiko wake kwenye 305 na utajua anahitaji kuruka kiasi gani kuigusa. Mwenye mfiko wa 235 anahitaji 70. Mwenye 245 anahitaji 60. Mfiko wa Gobert, alipopimwa mwaka 2013, ulikuwa sentimita 292, yaani akiwa amesimama tu ringi iko sentimita 13 juu ya vidole vyake.

Shibiri nayo iandike. Ya Leonard ilizidi sentimita 28, kubwa kuliko upana wa mpira wenyewe, na ndiyo maana anaunyaka mpira kwa mkono mmoja ambapo wengine wangeugonga tu ukaenda nje.

Hatua ya 3: Soma namba, na usome afya

Gawanya pima kwa kimo. Ukipata 1.00 au chini yake, mchezaji huyo atategemea zaidi miguu, muda na mahali anaposimama. Kati ya 1.01 na 1.04 yuko kama wengi. Kuanzia 1.05 kwenda juu ana nusu hatua niliyoisema, na mazoezi yake ya kukaba yapangwe tofauti na ya wenzake.

Makocha wengi wa kwetu hupanga nafasi kwa jicho: mrefu awe senta, yule wa karibu na ringi, mfupi apige dribo. Nami nimefanya hivyo kwa miaka. Nilikuwa na binti mmoja mwenye sentimita 171, nikamweka pembeni apokee pasi na kurusha. Siku tulipopima timu nzima, pima yake ilitoka 184, uwiano wa karibu 1.08. Senta wangu, aliyemzidi kichwa kizima, mikono yao ilikaribia kulingana. Nilisimama na futikamba mkononi nikifikiria msimu mzima uliopita, jinsi nilivyokuwa namwambia binti huyo asogee karibu na mtu wake zaidi, zaidi, mpaka anapitwa.

Kuna jambo la afya hapa ambalo nakuomba kocha mwenzangu ulichukulie kwa uzito. Uwiano unaozidi 1.05 ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huziangalia wakitafuta ugonjwa wa Marfan, maradhi ya kuzaliwa nayo yanayodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, ukiwemo mshipa mkuu unaotoka moyoni. Uwiano huo peke yake si ugonjwa. Nusu ya NBA ingekuwa wodini. Lakini ukiona mikono mirefu pamoja na vidole virefu vyembamba, kifua kilichobonyea au kuchomoza, uti wa mgongo uliopinda, macho mabovu sana tangu utotoni, au familia yenye mtu aliyefariki ghafla kwa moyo, mtume hospitali akapimwe moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya mazoezi magumu. Kwa walio Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inafanya kipimo hicho. Flo Hyman, nyota wa voliboli wa Marekani, alianguka kando ya uwanja nchini Japani mwaka 1986 akafariki, na ugonjwa huu ukajulikana baada ya kifo chake. Isaiah Austin, mchezaji wa kikapu wa Marekani, alibahatika: uligunduliwa siku chache kabla ya uchaguzi wa wachezaji wa NBA mwaka 2014. Kijana akilalamika maumivu ya kifua au kuzimia akiwa anakimbia, mazoezi yanasimama siku hiyo hiyo, hata kama kesho ni fainali.

Hatua ya 4: Kukaba, ambako pima hulipa zaidi

Anza na umbali. Mwambie mkabaji asimame mbele ya mwenye mpira na anyooshe mkono mpaka vidole viguse kifua cha mwenzake. Chora mstari wa chaki mbele ya vidole vyake vya miguu. Huo ndio mstari wake. Mwenye pima fupi mstari wake utakuwa karibu, mwenye pima ndefu utakuwa nyuma. Kosa kubwa la makocha ni kuwapa wote mstari mmoja. Mwenye mikono mirefu akisogezwa karibu anapoteza faida yote: mikono yake inakunjamana, na mpinzani anapita kwa dribo moja. Mrudishe nusu hatua. Sasa mpinzani akitaka kupita ana umbali mrefu zaidi wa kukimbia, na akitaka kurusha bado mkono unamfikia usoni.

Halafu mikono yenyewe. Mkono mmoja unafuata mpira, mwingine uko kwenye njia ya pasi. Jambo dogo, lakini ndilo gumu kuliko yote kwa sababu mikono mirefu ni mizito na inachoka. Nakumbuka nikimwita binti yule katikati ya zoezi.

"Mwanangu, mikono yako iko wapi?"

"Ipo, kocha."

"Ipo magotini. Mpira uko wapi?"

Akaitazama mikono yake kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokisahau mezani, akaipandisha. Pasi iliyofuata aliigusa.

Zoezi la kuanzia ni hili. Weka wawili wakipeana pasi umbali wa mita 4, mkabaji katikati. Haruhusiwi kukimbia, anateleza kwa miguu tu na mikono haishuki chini ya kiuno. Sekunde 20, pumzika, rudia mara sita. Hesabu miguso, yaani kila mara kidole kilipougusa mpira hata kama haukukamatwa. Usihesabu mipira iliyoporwa, maana ukihesabu uporaji peke yake vijana wataanza kurukia kila pasi na kuacha nyuma wazi.

Uporaji wa mpira unaodundwa ufundishwe kutoka chini kwenda juu, kiganja kikitazama juu, wakati mpira unapanda kutoka sakafuni. Mwenye mikono mirefu hupenda kupiga kutoka juu kwenda chini, na hapo mwamuzi ataona mkono mrefu ukishuka juu ya mkono wa mpinzani na atapuliza hata kama kilichogongwa ni mpira. Chris Paul ana kimo cha sentimita 183 tu, lakini pima yake inazidi 190, na aliongoza NBA kwa uporaji misimu sita. Mwonyeshe kijana wako video zake bila sauti na umwambie atazame kiganja tu.

Hatua ya 5: Bloku na rebaundi

Kila mchezaji ana haki ya nafasi iliyo juu ya sehemu aliposimama. Ukiruka wima na mikono wima, mrushaji akakugonga, kosa si lako. Mwenye pima ndefu anahitaji kujifunza kanuni hii kuliko yeyote, kwa sababu yeye hana haja ya kuinamia mbele. Mkono uwe juu kabla mrushaji hajaachia mpira. Anayeanza kuuinua baada ya hapo amechelewa, hata akiwa na mikono ya Manute Bol.

Na Bol mwenyewe tumtaje vizuri, maana ni mtoto wa ukanda wetu, Mdinka wa Sudan Kusini. Kimo chake kilikuwa sentimita 231 na pima 259. Msimu wake wa kwanza NBA, 1985–86, alizuia mipira 397. Alimaliza kazi yake akiwa na bloku 2,086 na pointi 1,599, mchezaji pekee katika historia ya ligi ile aliyezuia mipira mingi kuliko pointi alizofunga. Ukitazama picha zake za zamani utaona mara nyingi haruki. Anainua mkono na kusubiri.

Fundisha pia bloku iende wapi. Kuupiga mpira hadi kwa watazamaji kunashangiliwa, lakini unarudi kwa wapinzani. Bill Russell, aliyetwaa ubingwa wa NBA mara 11 na timu ya Boston, alisifika kwa kuugusa mpira kidogo tu ukabaki uwanjani na kwenda kwa mwenzake. Zoezi: kocha anarusha kutoka karibu, mzuiaji anaugusa kwa vidole na lazima aukamate mwenyewe au umfikie mwenzake kabla haujadunda mara mbili. Kumbusha sheria: mpira ulioanza kushuka juu ya usawa wa ringi hauguswi.

Kwenye rebaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kuingia, mikono mirefu ina ugonjwa mmoja: inaukamata mpira juu kabisa, kisha inaushusha mpaka tumboni, na pale chini mfupi wa timu pinzani anaupokonya. Ukishikwa juu ubaki kidevuni, viwiko vikiwa nje, ndipo ageuke.

Hatua ya 6: Kushambulia

Hapa pima ndefu si neema tupu. Mkono mrefu una safari ndefu ya kurusha, na kiwiko kikipinda kidogo kosa linafika kubwa kwenye vidole. Mchezaji wa namna hii aanze mita 2 kutoka kwenye ringi, mkono mmoja, kiwiko chini ya mpira, mipira 50 kila siku kwa wiki mbili kabla hajarudi nyuma. Asianze kwenye mstari wa pointi tatu, ambao kwenye viwanja vya kimataifa uko mita 6.75. Akianzia huko atajifunza kusukuma mpira kwa bega, na tabia hiyo ikishamkaa kuiondoa ni kazi.

Dribo yake iwe chini ya goti. Mikono mirefu hupeleka mpira mbali na mwili wakati wa kubadilisha upande, na umbali huo ndio mlango wa mporaji.

Neema yake iko kwenye kumalizia. Afundishwe kunyoosha mkono mpaka mwisho anapoweka mpira kwenye ubao, na kutumia upande wa pili wa ringi, ili ringi yenyewe imkinge na mzuiaji. Pasi za kuzunguka pembeni mwa mkabaji pia ni zake. Mwenye mikono mifupi lazima apitishe juu au chini, yeye anaweza kupitisha pembeni.

Hatua ya 7: Jenga nguvu inayolingana na mikono

Kevin Durant alipopimwa kabla ya kuingia NBA mwaka 2007, hakuweza kusukuma hata mara moja chuma cha kilo 84 akiwa amelala kwenye benchi. Pima yake ni sentimita 225. Mkono mrefu unasukuma uzito kwa safari ndefu zaidi, hivyo usiwalinganishe vijana kwa idadi ya pushapu. Linganisha kila mmoja na alivyokuwa mwezi uliopita.

Vifaa visikusumbue. Kata tyubu ya baiskeli iliyokwisha, ifunge kwenye nguzo ya goli, na mchezaji aivute kuelekea kifuani na kuelekea pembeni, mara 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Hii ni kwa ajili ya misuli ya nyuma ya bega, inayolinda bega la mkono mrefu lisichomoke linapovutwa kwenye rebaundi. Ongeza kuning'inia kwenye bomba sekunde 20, na kukamua taulo lililolowa maji ili kukaza vidole. Mwisho wa mazoezi, mikono juu ukutani kwa dakika moja bila kushusha. Dakika hiyo ni ndefu kuliko inavyosikika.

Kama pima yako ni fupi

Usikate tamaa na usidanganywe. J.J. Redick alipimwa pima pungufu ya kimo chake, akacheza NBA misimu 15 na kutia asilimia 41.5 ya mitupo yake ya pointi tatu. Stephen Curry, aliyefunga pointi tatu nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya NBA, pima yake inazidi kimo kwa sentimita chache tu. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa 7. Wa 2 alikuwa Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mwenye sentimita 221, ambaye chuoni Connecticut alikuwa amechaguliwa mkabaji bora wa ligi yao miaka miwili mfululizo. Urefu wake ulimfungulia mlango ambao hakuna Mtanzania aliyewahi kuupita kabla yake, na hilo ni fahari. Walakini mlango wa Curry ulikuwa kasi ya kuachia mpira, na kasi hiyo hujengwa uwanjani.

Kazi yako basi ni hii: fika mapema pale mpira utakapoangukia, shusha nyonga, mzuie mpinzani kwa mgongo kabla hajaruka. Jifunze mtupo wa kuelea, unaoachiwa mapema kabla mzuiaji hajakufikia. Na tumia mkono wa kushoto kumalizia mpaka usione tofauti na wa kulia.

Hatua ya 8: Daftari

Kila mechi mpe mtu mmoja aliye benchi daftari na kalamu. Aandike kwa kila mchezaji vitu viwili tu: miguso na faulo za mikono. Baada ya mechi tatu utaanza kuona. Miguso mingi na faulo chache: mkono unatumika vizuri, mwongezee jukumu, mpe mpigaji hatari wa timu pinzani. Miguso mingi na faulo nyingi: anapiga kutoka juu, mrudishe kwenye zoezi la kiganja. Miguso michache na faulo chache: mikono iko magotini. Miguso michache na faulo nyingi: kasimama karibu mno, chora upya mstari wa chaki.

Binti yule sasa anakaba pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, wa kila timu tunayokutana nayo. Kabla ya kila mchezo huja na kipande cha chaki, hunyoosha mkono kwenye kifua cha mwenzake, huchora mstari wake mwenyewe, kisha hurudi nyuma nusu hatua na kuinua mikono.